Simba wa Bei ya Kutupa kwenye Jiwe la Pitgarvie

Kuna jiwe moja kwenye makaburi ya upande wa mtaa wa Alexandra ambalo kila nikienda kule nalizunguka kwa mbali. Fiston, tuliyefanya naye kazi karakana moja miaka hii ya mwisho, aliwahi kuniuliza kwa nini tunapita kwenye matope na njia ya lami ipo. Nikamwambia magoti yangu yanapenda ardhi laini. Magoti yangu hayana shida yoyote. Sasa nimestaafu, mmenipa saa ya ukutani ambayo kila nikiitazama inanikumbusha kwamba sina pa kuwahi, na mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi yetu ya kuchonga mawe ya makaburi. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilikuwa navyo viwili tu na kimoja kilikuwa cha utani. Mshahara wangu mnaujua, maana ni uleule wenu. Nitaandika nilivyofika, aliyenifundisha, na habari za lile jiwe.

Nilifika Johannesburg nikitokea Uvira, kule Kongo, ambako nilikuwa nauza vitenge sokoni. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya kulinda lango la karakana hii hapa Bertrams. Lango lenyewe halikuhitaji mlinzi, kwa sababu ukitaka kuiba jiwe la kaburi lazima kwanza uje na marafiki wengi. Tatizo lilikuwa mdomo wangu. Mteja akiingia, mtu wa kwanza kumwona ni mimi, akiniuliza tu bei zikoje huko ndani, mimi nimeshaanza kumuuzia. Wengine walifika ofisini wameshakubaliana na mlinzi. Bosi akaona hasara ya kuniacha juani, akaniingiza ndani niwe mpokea wateja, na mchana kazi ikipungua nijifunze herufi kwa Mzee Phiri.

Mzee Phiri alikuwa Mmalawi, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya vumbi hata baada ya kuoga. Siku hizo mashine ya kupuliza mchanga ilikuwapo, lakini yeye aliitumia kwa mistari ya kawaida tu. Kitu chochote chenye maana alikichonga kwa patasi na nyundo. Somo lake la kwanza halikuwa la patasi. Alinipa karatasi yenye jina la marehemu akaniambia nihesabu herufi. Nikahesabu. Akasema, sasa anza mwisho, urudi mwanzo. Nikamuuliza kwa nini. "Ukilisoma jina kwenda mbele," akasema, "unaona unachotaka kukiona. Ukirudi nyuma hulisomi tena. Hapo ndipo unaona kilichopo." Basi nikawa mtu wa kuhesabu mara mbili, mbele na nyuma, mpaka chenji dukani, mpaka vipande vya nyama kwenye sahani ya harusi. Mke wangu hapendi nikifanya hivyo mbele ya wageni.

Somo la pili alinipa nyuma ya karakana, ukutani, ambako yalisimama mawe ambayo watu waliyaagiza, yakachongwa, wasirudi kuyachukua. Mzee Phiri alipaita chumba cha kusubiri. Mengine hayakumtia wasiwasi. Jiwe la Dlamini, la Nkosi, la Mokoena, hilo lina subira yake: unasaga jina la kwanza, unaliacha la ukoo, na kabla mvua hazijaisha anakuja Dlamini mwingine, unamweleza ukweli, unampunguzia, anaondoka nalo akifurahi. Lakini jiwe la ukoo adimu haliendi popote. Ndiyo maana ile meza yetu ya chai, ukiinama ukachungulia chini yake, utakuta jina la Mreno mmoja limechongwa, linakusalimu.

Hapo nikaanza kuyapima majina ya koo kama viatu dukani: saizi inayotoka na saizi isiyotoka. Sikuona ubaya wake. Kwetu, mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba yangu alikuwa na lake, mimi ni Byamungu, na ndugu zangu kila mmoja ana lake. Nilipofika ofisi za uhamiaji hapa, karani akauliza ukoo wangu ni nani, nikasema Byamungu, akaandika, na tangu siku ile wanangu wote wakawa akina Byamungu. Jina la ukoo kwangu lilikuwa kitu kinachotengenezwa dirishani, kama picha ya pasipoti. Nayaeleza haya mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku Gogo Violet alipoingia.

Aliingia asubuhi, mfupi, koti la sufu ingawa jua lilikuwa kali, na mfuko wa amagwinya, yale maandazi ya hapa yasiyo na sukari, ambayo aliyakaanga mwenyewe na kuyauza Alexandra karibu na stendi ya teksi. Hapa bibi yeyote ni Gogo, nami nikamwita hivyo. Tulizungumza kwa Kizulu changu cha sokoni na Kiingereza chake cha kanisani. Alitaka jiwe la watu wawili: upande mmoja wa mumewe Wilfred aliyefariki, upande mwingine wazi, wa kwake, siku yake ikifika.

Nikamtajia bei. Akacheka.

"Mwanangu, nimekuja kununua jiwe moja, si mlima."

"Gogo, hili ni graniti nyeusi. Wajukuu wa wajukuu wako watajitazama humu wakichana nywele."

"Wachongaji wa Soweto wananiongezea chombo cha maua bure."

"Kitaibiwa kabla maua hayajanyauka. Mimi nitakuongezea kitu kisichoibika."

Nilisema tu, sikuwa na kitu chochote mkononi. Lakini yeye akaweka mfuko wake juu ya meza, akaniambia chombo cha maua hakitaki. Alichokitaka ni maneno ya chini ya jiwe.

Mnajua wenyewe. Kwa watu wa hapa, chini ya jina la marehemu huchongwa majina ya sifa ya ukoo, yale ambayo mtu akiitwa kwayo msibani anainua kichwa. Siku ya kufunua jiwe, yanatajwa kwa sauti na ukoo wote unaitika. Mumewe alikuwa anaitwa Pitgarvie.

"Wakitajwa akina Dlamini, wanaitwa kwa sifa zao na wanaitika," akasema. "Akina Khumalo hivyohivyo. Wakifika kwetu, mchungaji anakohoa."

"Anakohoa?"

"Anakohoa, halafu anasema, 'na familia nzima.' Wanangu wamekua wakikoholewa. Wajukuu nao sasa wanakoholewa."

Nikamuuliza jina lenyewe limetoka wapi. Akasema Uskoti. Babu wa mumewe alikuja Natal kujenga madaraja ya reli, akampenda binti wa Kizulu, akazaa naye watoto, kisha reli ilipokwenda mbele naye akaenda nayo.

"Hakuacha kitu?"

"Aliacha jina na masikio. Akina Pitgarvie wote wana masikio makubwa. Utayaona." Akasema zamani, kulipokuwa na kitabu cha simu, mumewe alikuwa akikifungua kila kikitoka kutafuta Pitgarvie mwingine mji mzima. Ilikuwa ni wao na wao tu. Sheria za ubaguzi za wakati ule ziliwagawa ndugu wa nyumba moja, huyu rangi hii, yule rangi ile, na kila ofisi waliyoingia waliulizwa jina hilo wamelipatia wapi, kana kwamba wameliokota. "Mume wangu alikufa hajui wamelipatia wapi. Mimi nataka jibu limkute huko aliko."

Kama muuzaji ningeweza kumpunguzia kidogo tukamaliza. Lakini nilitaka jiwe zima libaki kwetu, Soweto wakae na chombo chao. Nikamwambia, "Gogo, asili ya jina nitakutafutia mimi. Ndani ya bei hiyohiyo."

"Ya kweli?"

"Ya kweli, na itakuwa imechongwa."

Akasema haya. Akaniachia mfuko wa maandazi.

Siku hizo kwenye jengo moja la maduka, si mbali na hapa, palikuwa na kibanda cha jamaa mwenye kompyuta na printa. Aliandika kwenye bango lake kwamba anauza asili ya kila jina la ukoo duniani. Unamtajia jina, anakuchapia karatasi ya rangi ya chai, yenye nembo ya ukoo juu na historia yake chini. Nikampelekea Pitgarvie kwenye kipande cha karatasi. Akalitazama, akaingia kwenye kompyuta, akatoka.

"Hili ni adimu, mzee. Linahitaji kutafutwa. Bei yake ni ya juu."

Hapa ndipo nilipojiona mjanja. Nikamwambia kama ni adimu basi halina soko. Smith atakuja kesho na keshokutwa, lakini Pitgarvie atakuja nani baada yangu? Mali isiyo na mteja mwingine inashushwa bei, haipandishwi. Hesabu ya chumba cha kusubiri hiyo, niliitoa kama nilivyofundishwa. Akabisha, nikabisha. Nikajifanya naondoka, akaniita. Nikaondoka kweli mpaka kwenye robot, taa za barabarani pale nje, nikarudi. Nikamkaba mpaka akashika kiuno, akanitazama, akatabasamu.

"Sharp, baba. Umeshinda. Kaa hapo."

Karatasi ilitoka kabla chai yangu haijapoa. Ningepaswa kushtuka kwa haraka ile, lakini mtu aliyetoka kushinda hashtuki. Ilikuwa na simba amesimama kwa miguu ya nyuma, maneno ya Kilatini chini yake, na habari za ukoo wa mabwana wakubwa waliosimama na mfalme wao vitani. Nikaisoma mara moja, kwenda mbele. Zile herufi za Kilatini nilizihesabu mara mbili, mbele na nyuma, zisije zikakosewa jiweni. Maana yake sikuihesabu hata mara moja.

Mzee Phiri aliitazama ile karatasi nilipoibandika ukutani.

"Umeipataje?"

"Kwa nusu bei," nikasema, nikisubiri sifa.

"Nusu ya nini?" akauliza, na bila kusubiri jibu akarudi kunoa patasi yake.

Nilimchonga simba mwenyewe, kwa mkono. Niwaambie bila kujisifu, kwa sababu hapa hakuna cha kujisifia: alikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Manyoya ya shingo nilichonga unywele mmoja mmoja.

Jiwe lilifunuliwa Jumamosi asubuhi. Shuka jeupe, utepe, viti vya kukodi, wajukuu wamevaa sare. Masikio kweli niliyaona, mstari mzima. Shuka likavutwa, simba akatokea anang'aa, na mwana mkubwa wa Gogo akasoma ile karatasi kwa sauti. Mchungaji hakukohoa. Aliita, "Pitgarvie! Simba! Nyie mliosimama na mfalme!" Wakaitika. Mara ya kwanza kwa haya, kama watu wanaojaribu nguo dukani. Mara ya pili makaburi yote yaligeuka kutazama. Watoto wakaanza kunguruma, hakuna aliyewakataza. Gogo Violet alikuwa amenyoosha mgongo, anatazama mbele, machozi yanashuka na hayafuti. Nyumbani kwao nilikula nyama mara mbili.

Baada ya hapo simba alihama jiweni. Nikipita Alexandra nilimwona kwenye fulana za vijana wao wa mpira, kisha kwenye kadi ya harusi ya mjukuu mmoja. Kila Krismasi Gogo alinipigia simu: "Byamungu, Simba wanakusalimu." Nanyi mnakumbuka, kila mfanyakazi mpya nilimsimulia jinsi nilivyowapa watu ukoo kama nyongeza ya jiwe.

Mzee Phiri akarudi kwao Malawi kupumzika. Miaka ikapita. Kisha akaja mteja mmoja, mwanaume wa makamo mwenye jina la Kijerumani, anataka jiwe la mama yake. Akatoa karatasi ya rangi ya chai, akaikunjua juu ya meza. Simba amesimama kwa miguu ya nyuma. Kilatini kilekile. Mabwana wakubwa waliosimama na mfalme wao vitani. Nikamwomba anisubiri kidogo. Nikaingia ofisini, nikatoa nakala yangu, nikazilinganisha unywele kwa unywele, mbele na nyuma. Tofauti ilikuwa jina la juu tu.

Kibanda nilikikuta bado kipo, ila sasa kinauza makava ya simu. Jamaa alinitambua kabla sijasema neno.

"Wewe ndiye yule wa kupiga bei."

"Simba huyu ni wa nani?"

"Wa kila mtu, baba. Simba ndiye anayependwa. Nilikuwa na tai pia, ila tai alikula wino."

"Na ile historia?"

"Jina lako halikuwamo kabisa kwenye kompyuta yangu. Kulitafuta ilikuwa kazi ya wiki nzima. Hela uliyoniachia ilikuwa ya kuchapa, haikuwa ya kutafuta. Nikakupa ya jina la jirani yake kwa alfabeti."

"Mbona hukuniambia?"

"Eish, baba. Ungeniuliza ningekuambia. Wewe uliuliza mwisho wake bei gani."

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nataka kava. Kila alichosema kilikuwa kweli, na angekuwa mteja wangu ningemwambia vilevile.

Nilikwenda Alexandra nikiwa nimeyapanga maneno yote ya kumwambia Gogo. Nilipofika nikakuta lango lao la bati limepakwa rangi upya, na katikati yake amechorwa simba mkubwa wa njano. Nikanunua amagwinya, nikamuuliza hali, akasema wazima, nikasema vizuri, nikarudi Bertrams. Nilirudi hivyo zaidi ya mara moja. Tumbo langu lilinenepa kwa woga.

Mwishowe walikuja wao. Ilikuwa Ijumaa, karakana imejaa wateja wa mwisho wa mwezi, na wengi wenu mlikuwapo. Gogo Violet aliingia ameshikwa mkono na mjukuu wake Lindiwe, aliyekuwa anasomea unesi na alikuwa amechumbiwa. Wajomba wa bwana harusi walikuwa wameuliza habari za ukoo, kama ilivyo ada kabla ya mahari, na Lindiwe akataka awape kitu kilichoshiba zaidi ya karatasi. Akatafuta kwenye simu yake, akampata mzee mmoja huko Uskoti anayetumia uzee wake kukusanya watu wote wa jina hilo, popote walipo. Lindiwe alisimamisha simu juu ya meza yangu, akaiegemeza kwenye kikombe, na kwenye kioo akatokea mzee wa Kizungu amekaa jikoni kwake, amevaa sweta lenye tundu.

Karakana yote iliangua kicheko. Masikio yalikuwa yaleyale.

"Anaitwa Alec," akasema Gogo. "Alec Pitgarvie. Alec, huyu ndiye Byamungu. Byamungu, mwambie mwenye jina lake simba umemtoa wapi."

Kicheko kikaisha. Nikatazama kikombe.

Alikuwa mzee mpole. Nadhani aliona hali yangu, akaamua kuongea yeye. Akasema Pit ni neno la kale sana, la watu waliokaa kaskazini mwa nchi ile kabla ya wazungumzaji wa Kigaeli, lugha ya zamani ya huko, na lilimaanisha fungu la ardhi, kipande alichogawiwa mtu. Hiyo garvie, akasema, hana uhakika wa kuapa, lakini anaamini inatoka kwenye neno la Kigaeli la kitu kikwaruzaji, kisicho laini. Kipande cha ardhi korofi, kwa maneno mengine. Lilikuwa shamba. Waliolima pale wakihamia kijiji kingine waliitwa kwa jina la walikotoka, ndivyo jina lilivyoshika.

"Mabwana?" akauliza Lindiwe, ingawa jibu nadhani alikuwa nalo.

"Vibarua," akasema mzee Alec. "Waokota mawe shambani. Nembo hatukuwahi kuwa nayo. Tena nembo kwa sheria za huku hupewa mtu, haipewi jina. Anayekuuzia nembo ya jina anakuuzia picha."

Gogo akamwomba aeleze, na mimi nisikie, wako wangapi. Mzee akasema Uskoti nzima waliobaki wanaweza kupanda basi moja, na dereva akatoka ukoo mwingine. Shambani penyewe hayupo hata mmoja. Walikwenda Kanada, wakaenda Nyuzilandi, wakafa, wakazaa mabinti walioolewa wakabadili jina. Kuhusu Afrika Kusini alikuwa ameandika mjenzi mmoja wa madaraja, na mbele yake akaweka neno moja: ameishia, yaani hakuacha uzao wa jina hilo.

"Ameishia?" Gogo alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Alec, chukua kalamu."

Akaanza kuwataja. Watoto, wajukuu, wa Alexandra, wa Durban, mmoja wa Cape Town asiyepiga simu. Mzee akaandika, akamwomba apunguze mwendo, akageuza karatasi, akaandika upande wa pili. Mwisho akavua miwani. "Mama," akasema, "inaelekea jina letu lilihamia kwenu, sisi huku hatukuambiwa."

Watu wakapiga makofi. Mteja mmoja asiyemjua mtu yeyote pale akapiga makofi na kofia mkononi. Mimi sikupiga.

Lindiwe alipozima simu, Gogo alinigeukia. Nikaanza kumwambia kwamba hela yake itarudi.

"Sitaki hela. Nilikaanga maandazi mengi kupata ile hela na sijutii hata moja." Hakupaza sauti. "Nilikuuliza neno moja tu. Nilisema, ya kweli? Ukanijibu nini?"

Nilikivuta kikombe upande wangu, nikakirudisha.

"Wajukuu wangu wamenguruma juu ya kaburi la babu yao, Byamungu. Kwa simba wa mtu mwingine. Na ukweli ulikuwapo wakati wote, mzuri kuliko huo wako, ila ulikuwa unahitaji mtu wa kuutafuta."

Nimewahi kutukanwa na wateja kwa lugha zote za mji huu, na nyingine nikajifunzia humo. Hakuna hata tusi lililoniingia kama maneno hayo.

Alitaka simba atolewe, na alitaka atolewe Jumamosi asubuhi mbele ya watu walewale. "Ulimfunua mbele ya watu," akasema, "utamtoa mbele ya watu." Nikaenda na jenereta, mashine ya kusaga, ndoo ya maji, na zile sahani za kung'arishia, kuanzia ya kukwaruza hadi laini kabisa. Viti vilipangwa. Mchungaji alikuwapo. Vumbi liliruka, na watoto walewale walionguruma walikuwa wameziba masikio yao makubwa kwa mikono. Manyoya ya shingo yalikuwa ya mwisho kuondoka. Nilikuwa nimeyachonga kwa kina sana.

Mashine iliponyamaza, pale alipokuwa simba palibaki doa la kijivu, limebonyea, limekwaruzika, katikati ya jiwe jeusi linaloonyesha sura za watu. Nikachukua sahani ya kwanza ya kung'arishia, nikalowesha jiwe. Gogo akaweka kiganja chake juu ya lile doa.

"Acha."

"Mama, limeharibika," akasema mwanawe mkubwa. "Acha amalizie."

"Alec alisemaje? Kipande korofi." Akapapasa kwa vidole vyake vilivyoungua mafuta ya miaka. "Si ndicho hiki? Baba yenu alikitafuta kwenye kitabu cha simu maisha yake yote."

Mchungaji akavuta pumzi. Niliogopa atakohoa. Akaita, "Pitgarvie! Watu wa kipande korofi! Nyie mliookota mawe shambani!"  Kisha Lindiwe akaitika, na mwanamume mmoja nyuma, na wote. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya siku ya simba. Hakukuwa na mtu aliyegeuka kututazama. Lakini hawakuonekana kama wanajaribu nguo.

Nikamwambia Gogo kwamba maneno hayo nitayachonga chini ya doa, kwa patasi, bila malipo yoyote. Alinitazama, na naamini hakuwa na hasira.

"Hapana, mwanangu. Wewe usiandike kitu tena kwenye jiwe hili. Hata upande wangu, nikifa, atachonga mwingine."

Nikabeba ndoo yangu.

Lango la bati walilipaka kijani. Krismasi hakupiga tena simu. Nilipiga mimi, akapokea, akanijibu vizuri, tukazungumza habari za hali ya hewa kama watu waliokutana kwenye foleni. Mwaka jana, msimu wa baridi, Lindiwe alikuja karakana na mtoto mgongoni. Niliyaona masikio ya mtoto kabla sijaiona sura yake, nikajua Gogo amefariki, maana hawakuwa na sababu nyingine ya kuja kwetu. Aliniambia mzee Alec alituma salamu za rambirambi, na kwamba lile neno ameishia alikwishalifuta siku ileile, jikoni kwake. Kisha akatazama chini.

"Gogo aliacha neno, baba. Achonge yeyote, ila asiwe wewe. Samahani."

"Usiombe samahani, binti."

Fiston, ndiyo maana nilikukabidhi kazi ile nikasema mkono unaniuma. Ulipofika makaburini ulinipigia simu kuuliza lile doa la kijivu ni la nini na kama ulisage lote lilingane. Nilikupigia kelele uliache, ukadhani nimekasirika. Nikakuomba unitajie herufi za upande wa Gogo kabla hujagusa jiwe, kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, polepole. Ukacheka, lakini ukanitajia. Gogo alinikataza kuandika, hakunikataza kuhesabu. Nilihesabu, nikakuomba urudie, nikahesabu tena. Zilikuwa sawa. Nikakuambia uchonge.